Msomaji Anayechechemea na Deni la Wanakiswahili

Katika madarasa mengi ya chini nchini Kenya, kipindi cha kusoma huanza kwa sauti moja. Mwalimu hunyoosha kijiti ubaoni, nao watoto hamsini au sitini hupaza sauti kwa mpigo: ba, be, bi, bo, bu. Kijiti kikishuka mstari wa pili, sauti hushuka nacho: cha, che, chi, cho, chu. Mpita njia anayesikia mlio huo dirishani huenda zake ameridhika kwamba elimu inaendelea. Lakini hebu mwalimu na aufute ubao, aandike neno "babu" pembeni, kisha amtake mtoto mmoja wa dawati la nyuma alisome peke yake. Mtoto husimama. Huutazama ubao, huutazama uso wa mwalimu, huitazama midomo ya jirani yake. Mwishowe hubahatisha: "Baba!" Darasa huangua kicheko, naye huketi akiwa amejifunza jambo moja tu siku hiyo, kwamba kusimama ni hatari.

Mtoto wa namna hii hakosekani katika shule yoyote, na majina aliyopachikwa ni mengi. Huitwa mzito, huitwa goigoi, huitwa kichwa maji. Kwa hakika, aghalabu hana kasoro yoyote ya akili. Nyumbani hutumwa dukani na kurudi na chenji kamili. Hutega vitendawili na kuvitegua. Pengine huzungumza lugha mbili kabla hajafikisha umri wa miaka minane. Alichokosa ni mtu wa kumketisha chini na kumwonyesha, yeye binafsi, jinsi sauti aijuayo inavyofungwa katika herufi asiyoijua. Darasa limemfundisha kuimba. Halijamfundisha kusoma.

Suala hili si geni. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja wa ziada waliingia shuleni, nao walimu wakajikuta na madarasa ambayo hata kuyaita majina asubuhi kulikula nusu ya kipindi. Ni wakati huo huo, mwaka 2004, Mzee Kimani Maruge alipovaa kaptura na soksi ndefu, akaingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, na dunia nzima ikamshangilia. Jambo la kusikitisha ni kwamba mzee wa miaka 84 asiyejua kusoma alisifiwa kwa ujasiri wake, ilhali mtoto wa miaka tisa asiyejua kusoma hudhihakiwa katika darasa lake mwenyewe. Tathmini za Uwezo zilipoanza kufanywa nchini mwaka 2009, watu walipigwa na butwaa. Ripoti za miaka hiyo ya mwanzo zilionyesha kuwa ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mradi wa Tusome ulipoenea katika shule za umma kuanzia mwaka 2015, ukampa kila mtoto kitabu chake na kila mwalimu mwongozo wake, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua. Hayo ni mafanikio, na anayeyabeza hatendi haki. Hata hivyo, miradi huanza na miradi hukoma, na Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Watoto wengi wa madarasa ya chini walikaa nyumbani hadi Januari 2021.

Lipo jambo jingine linalomsukuma mtoto huyu mbele bila kumvusha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kurudishwa nyuma darasa, na ni vyema iwe hivyo, kwani kurudia darasa lile lile kwa mbinu zile zile hakukuwahi kumfaa mtu. Lakini asiyesoma akiwa Gredi ya 2 hupanda hadi ya 3, kisha ya 4, ambako vitabu vya sayansi na vya masomo ya jamii havimngoji. Mwanasaikolojia Keith Stanovich, katika makala yake maarufu ya mwaka 1986, alieleza hali hii kwa kukumbusha kauli ya Injili kuwa aliye na kitu ataongezewa. Asomaye vizuri husoma mengi, hupata msamiati, na kwa sababu hiyo husoma vizuri zaidi. Anayechechemea hukikwepa kitabu, na kila mwaka unaopita pengo huzidi kupanuka.

Sasa swali: Je, haya yanawahusu nini wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili vyuoni? Wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya vyuo vya walimu wa msingi, na kwamba chuo kikuu ni mahali pa nadharia, uhakiki na isimu. Kauli hiyo haina mashiko. Ukichunguza kwa makini mahali anapokwama msomaji huyu, utagundua kuwa vizuizi vyake vingi ni vizuizi vya kiisimu, na kwamba maarifa ya kuviondoa yamo ndani ya madaftari ya wanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza.

Tuseme kizuizi cha kwanza ni majina ya herufi. Mtoto aliyepitia shule ya chekechea ya Kiingereza hufika Gredi ya 1 akijua kuwa herufi hizi huitwa "ei", "bii", "sii". Akionyeshwa neno "baba" huanza kuhangaika na "bii-ei-bii-ei", na hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kuyaunganisha hayo yakatoa baba. Ilhali Kiswahili kimebarikiwa kuwa na irabu tano zisizobadilika na tahajia inayofuata matamshi. Neema hii si ndogo. Utafiti wa Seymour, Aro na Erskine uliochapishwa mwaka 2003, ukilinganisha lugha kadhaa za Ulaya, ulionyesha kuwa watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza huhitaji muda zaidi ya maradufu ili kufikia msingi ambao wenzao wa lugha zenye tahajia nyoofu huufikia mapema. Mtoto wa Kenya anayo lugha ya tahajia nyoofu mkononi, na bado shule nyingi humwanzisha kwa ile iliyopinda. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri lugha ya eneo itumike katika miaka ya mwanzo ya shule, na katika miji mingi lugha hiyo ni Kiswahili. Karibu nusu karne baadaye, wazazi wangali wanachagua shule kwa kusikiliza iwapo watoto wa miaka minne wanasema "gudi moningi".

Hata hivyo, unyoofu wa tahajia ya Kiswahili usiwahadae wataalamu. Jedwali la silabi linalokaririwa ubaoni lina mianya, na watoto hutumbukia humo. Jedwali lina ma, me, mi, mo, mu. Halina "m" inayosimama peke yake kama silabi. Mtoto akikutana na "mtu" au "mlima" ama hukwama ama huchomeka irabu na kusoma "mutu", "mulima". Akifundishwa kuwa "m" hiyo ni silabi kamili, mara hukutana na "mbuzi", ambapo "m" haisimami peke yake hata kidogo. Kila mwanafunzi wa fonolojia anaujua mfano wa "mbuni", yaani ndege, na "mbuni", yaani mti wa kahawa, ambao hutolewa darasani ili kuonyesha tofauti hii. Huandikwa katika mtihani, hupata alama, kisha husahauliwa. Ni walimu wangapi wa Gredi ya 2 waliowahi kuelezwa kuwa mtoto anayesitasita mbele ya "mtu" ameiona, kwa macho yake mwenyewe, tofauti ile ile iliyompa mwanachuo alama tano? Ndivyo ilivyo pia kwa "ngoma" na "ng'ombe", ambapo kitone kidogo cha wino hubadilisha sauti nzima, na mara nyingi chaki ya mwalimu hukisahau.

Kizuizi kingine kina madhara makubwa zaidi kwa sababu mwalimu ndiye anayekiweka. Nacho ni kuchanganya kosa la kusoma na athari ya lugha ya kwanza. Mtoto wa Nyeri husoma "kalamu" akatamka "karamu". Wa Siaya husoma "shule" akatamka "sule". Wa Bungoma husoma "gari" akatamka "kari". Mwalimu humkatiza, humsahihisha, humrudisha mwanzo wa sentensi. Baada ya kukatizwa mara nne mtoto hupoteza maana ya alichokuwa akisoma, na mara ya tano hukataa kusoma kabisa. Lakini je, alikosea? Njia ya kujua ni rahisi na haihitaji fedha: mwulize aonyeshe kitu alichokisoma. Akigusa kalamu, basi ameisoma kalamu, na matamshi yana kipindi chake. Akianza kuzungumzia pilau na wageni, hapo ndipo kuna tatizo la kusoma. Wanafunzi wa isimu linganishi huandika kurasa nyingi juu ya athari za Kikuyu, Dholuo na Kibukusu katika Kiswahili. Kurasa hizo zikifupishwa ziwe karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango wa darasa, zitawaokoa watoto wengi na aibu wasiyostahili.

Pia kuna upande wa pili wa sarafu hii, na wanaoupuuza hupotoka vilevile. Katika kijiji ambako Kiswahili husikika redioni tu, mtoto anaweza kuzitamka silabi zote za ukurasa bila kosa na asijue umesema nini. Tahajia nyoofu inamruhusu kufanya hivyo. Mgeni humsifu kwa usomaji mzuri, naye hutabasamu. Mtoto huyo hahitaji jedwali la silabi. Anahitaji kuzungumziwa, kusimuliwa hadithi, kuonyeshwa vitu na kuvitaja, na kuelezewa kwa lugha ya kwao pale inapobidi, bila mtu kumvisha kibao shingoni kwa kosa la kuizungumza.

Kisha kuna urefu wa maneno. Hapa ndipo Kiswahili, kilichomrahisishia mtoto herufi, humdai malipo. Kiingereza humpa msomaji mchanga maneno mafupi ya herufi tatu au nne. Kiswahili humpa "walipowaona", "hatukumsikia", "watakapowasili". Mtoto anayesoma silabi moja baada ya nyingine, wa-ta-ka-po-wa-si-li, akifika mwisho huwa keshasahau mwanzo. Ndiyo maana katika mradi wa Tusome kiwango cha ufasaha kiliwekwa kuwa maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili, ilhali katika Kiingereza kilikuwa maneno 65. Wapo walioona tofauti hiyo wakadhani Kiswahili kimeshushwa hadhi. La hasha! Ni hesabu tu: neno moja la Kiswahili hubeba kazi ya maneno matatu au manne ya Kiingereza.

Tiba yake imo katika mofolojia. Mwalimu akiandika ubaoni "anasoma", chini yake "alisoma", chini yake "atasoma", kisha akamwachia mtoto atafute kipande kinachobadilika, mtoto huanza kuona kuwa neno refu ni nyumba yenye vyumba, na kwamba vyumba hivyo hurudi tena na tena katika kila ukurasa. Baada ya majuma machache hasomi tena silabi saba. Husoma vipande vitatu avijuavyo. Hakuna haja ya kumtajia neno "kiambishi". Akitaka kuviita mikia na vichwa na aviite hivyo. Jambo hili halimo katika jedwali la ba, be, bi, bo, bu, na haliwezi kumjia mwalimu ambaye hakufunzwa sarufi ya Kiswahili kwa undani. Hapa tena wanaojua wako chuoni, na wanaohitaji wako Gredi ya 2.

Kuhusu namna ya kumsaidia mtoto darasani, kanuni ya kwanza ni kujua amekwama wapi. Wapimaji wa Uwezo walitumia ngazi nne ambazo mwalimu yeyote anaweza kuzitumia kwa dakika tatu kwa mtoto: silabi, neno, aya, hadithi. Anayekwama penye silabi asipewe hadithi, na anayesoma aya asirudishwe kuimba silabi kwa ajili ya kuwangoja wenziwe. Shirika la Pratham nchini India limejenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya wazo hili sahili, kuwa watoto wapangwe kwa muda fulani wa siku kulingana na wanachokiweza, si kulingana na umri wao. Nusu saa kila siku hutosha. Mwalimu mwenye watoto sitini atauliza, na ana haki ya kuuliza, nusu saa hiyo ataitoa wapi na wale wengine arobaini watafanya nini. Jibu la kweli ni kwamba wengine watasomeana wawili wawili, na kwamba kutakuwa na kelele. Mwalimu mkuu anayepima ubora wa darasa kwa ukimya wake itambidi avumilie.

Miongozo ya kufundishia iliyoandikwa neno kwa neno imelaumiwa sana, hasa na wasomi, kuwa inamgeuza mwalimu kuwa kasuku. Lawama hiyo ina ukweli, ila imetiwa chumvi. Mwalimu ambaye hajawahi kufunzwa hatua za kusoma humshukuru anayemwandikia la kusema Jumatatu asubuhi. Tatizo la mwongozo hujitokeza Jumatano, mtoto wa dawati la nyuma anapokwama mahali ambapo mwongozo haukutaja. Hapo mwongozo hauna neno, na mwalimu asiye na maarifa ya lugha hana neno pia, hivyo ukurasa hufunuliwa na mtoto huachwa.

Vitabu navyo? Serikali imejitahidi kusambaza vya kiada. Vya ziada, vile ambavyo mtoto huvisoma kwa raha bila kuulizwa maswali mwishoni, ni adimu, na vingi vilivyoandikwa kwa watoto wa miaka saba vimeandikwa na watu wazima wanaotaka kuonyesha misamiati yao. Kitabu kinachoanza kwa "hapo kale paliondokea sultani mmoja aliyekuwa na satua" kinampendeza mhariri. Mtoto anayechechemea hukifunga penye "paliondokea". Vyama vya Kiswahili vyuoni huandaa mashindano ya mashairi na insha kila mwaka. Ni nadra kusikia vikiandaa shindano la kuandika hadithi ya maneno mia moja, yenye silabi sahili, ambayo mtoto wa Gredi ya 1 ataisoma na kucheka. Na wala si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Anayetaka kujua ugumu wake na ajaribu kuandika kisa chenye kichekesho bila kutumia neno lenye zaidi ya silabi nne. Wakati vitabu hivyo vikingojewa, maandishi yasiyo rasmi yapo tele: jina lililo kwenye pakiti ya unga, neno "Hatari" kwenye mlingoti wa umeme, gazeti lililofungia nyama. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwuliza mwanawe, "Hapa pameandikwa nini?", na kwa swali hilo tu akawa amefundisha.

Yeyote anayedhani kuwa mambo haya yatabaki shule ya msingi, mbali na mwalimu mwenye shahada, hajatazama yaliyotokea tangu Januari 2023. Wanafunzi wa kwanza wa sekondari msingi walipoanza Gredi ya 7, waliwekwa katika viwanja vile vile vya shule za msingi, na waliotumwa kuwafundisha wengi wao walikuwa wahitimu wa vyuo vikuu. Mhitimu aliyebobea katika uhakiki wa riwaya hujikuta mbele ya kijana wa miaka kumi na mitatu aliyeshika kitabu cha hadithi fupi, na ambaye kila akiitwa kusoma husema macho yanamuuma. Macho hayaumi. Kijana amejifunza kwa miaka sita jinsi ya kuficha. Humwomba rafiki asome kwanza kisha hukariri; huomba ruhusa ya kwenda msalani zamu yake ikikaribia; wengine hufanya utundu kusudi watolewe nje. Mhitimu huyo hakupewa hata mhadhara mmoja juu ya kijana wa namna hii. Hawezi kumfundisha fasihi kabla hajamfundisha kusoma, na hawezi kumfundisha kusoma kwa kumketisha mbele ya wenziwe na jedwali la ba, be, bi, kwa kuwa aibu itamfukuza shuleni kabla ya silabi kumfaa. Huyu huhitaji kuketishwa faraghani, apewe maandishi mafupi yenye mambo ya rika lake, kandanda kwa mfano au ufugaji, na afundishwe silabi ndani ya maneno hayo.

Idara za Kiswahili zina uhuru wa kurekebisha kozi zao, na kozi moja ya muhula mmoja ingetosha kwa kuanzia. Ndani yake mwanafunzi angesoma muundo wa silabi za Kiswahili kwa mtazamo wa mtoto anayezisoma kwa mara ya kwanza. Angekusanya sampuli za usomaji wa watoto kumi, azirekodi, na atenge makosa ya kusoma na athari za matamshi. Angeandika hadithi tatu za watoto na kuzijaribu mbele ya watoto wenyewe, si mbele ya mhadhiri pekee. Mazoezi ya kufundisha, ambayo sasa hufanywa katika shule za sekondari, yangetenga majuma mawili kwa madarasa ya chini. Tasnifu za uzamili zingepata mada ambazo hazijachakaa: ni kiambishi kipi mtoto hukitambua mapema zaidi, "m" ya silabi hufundishwaje kwa mtoto ambaye lugha yake haina silabi kama hiyo, na ni maneno gani mia mbili yanayojirudia zaidi katika vitabu vya Gredi ya 1 hadi ya 3. Orodha hiyo ya maneno mia mbili, kwa mfano, wanafunzi ishirini wa mwaka wa tatu wangeweza kuikusanya katika likizo moja, na kuikabidhi shule iliyo ng'ambo ya ua wa chuo chao, ambako kila asubuhi husikika ba, be, bi, bo, bu.